Wafundisheni watoto wa Gitega na Muyinga kuanzia Kibira: barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu ya Taifa na Utafiti wa Kisayansi, kwa wakuu wa elimu wa mikoa ya Gitega na Buhumuza, na kwenu walimu wenzangu wa ekofo, yaani shule za msingi, za Gitega na Muyinga,



Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na mzazi. Nimezaliwa upande wa Muyinga, nafundisha Gitega. Nawaandikia hadharani kwa sababu jambo ninalotaka kulisema haliihusu ofisi moja, wala haliwezi kumalizwa na shule moja. Watoto wetu wanafundishwa misitu ya mvua kana kwamba ni habari ya nchi za mbali, na wakati huohuo shule zetu zenyewe zinawatuma kuni. Mambo haya mawili yanakwenda pamoja, na naomba yaangaliwe pamoja.

Muulizeni mwanafunzi wa mwaka wa sita, Gitega mjini au tarafani Muyinga, msitu wa mvua uko wapi. Atajibu Amazoni. Yule anayesikiliza redio na babu yake ataongeza Kongo. Kibira atakayeitaja ni mmoja mmoja, na mara nyingi ataitaja katika orodha ya hifadhi aliyoikariri: Kibira, Ruvubu, Rusizi, basi. Hajui kwamba maji anayoyaona yakipita chini ya daraja yana uhusiano na msitu huo. Simlaumu mtoto, kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha.

Kibira ni msitu wa mvua wa milimani. Umekaa juu ya mgongo wa milima unaogawa maji ya Kongo na maji ya Nile, kaskazini-magharibi mwa nchi, pande za Muramvya, Kayanza, Bubanza na Cibitoke, na unaungana na Nyungwe ng'ambo ya mpaka wa Rwanda. Ukubwa wake ni hekta 40,000 hivi. Zama za wafalme ulikuwa pori la mwami la kuwindia. Wabelgiji wakaufanya msitu wa akiba mwaka 1933, na mwaka 1980 ukawa hifadhi ya taifa, sawa na Ruvubu. Humo mnaishi sokwe na jamii nyingine za nyani, ndege wa aina zipatazo 200, na zaidi ya aina 600 za mimea, tangu umuyove mrefu mpaka vichaka vya mianzi. Nyungwe, ambayo ni msitu uleule ila upande wa pili wa mpaka, iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2023. Mtoto wa Burundi ana haki ya kujua kwamba sehemu ya msitu huo wa thamani iko nchini kwake.

Sasa fikirini jambo moja ambalo mageuzi ya utawala yametuletea. Mikoa ilipopunguzwa kutoka 18 hadi 5 mwaka 2025, Gitega iliunganishwa na Karuzi, Muramvya na Mwaro. Kwa hiyo mkoa wa Gitega wa leo una ncha ya kusini ya Kibira upande wa Muramvya, na una kipande cha hifadhi ya Ruvubu upande wa Karuzi. Muyinga nayo imeingia Buhumuza pamoja na Cankuzo na Ruyigi, na mikoa yote hiyo mitatu ya zamani inaigusa hifadhi ya Ruvubu. Zamani mkuu wa elimu wa Gitega angeweza kusema Kibira ni ya watu wa Kayanza na Cibitoke. Leo msitu wa mvua umo ndani ya mkoa wake.

Na hata kama usingekuwamo, mto ungetosha kuwa kitabu. Ruvubu unaanzia kwenye vilima vya Kayanza, jirani na Kibira. Unateremka kuelekea kusini, unafika karibu na Gitega, unapokea maji ya Ruvyironza, ambayo nayo yanatoka upande wa Rutovu, kwenye chemchemi ya Nile iliyo kusini kuliko zote. Kisha unageuka kwenda kaskazini-mashariki, unapita katikati ya hifadhi yenye jina lake, unaiaga Muyinga, unaingia Tanzania. Karibu na maporomoko ya Rusumo unakutana na Akagera, na maji yanaendelea mpaka Ziwa Viktoria, na kutoka huko mpaka Misri. Hapo Rusumo, Burundi, Rwanda na Tanzania zimejenga pamoja kituo cha umeme cha megawati 80, na nyaya za upande wetu zimepangwa kupita Muyinga hadi Gitega. Mwalimu wa jiografia anataka nini zaidi? Tone la mvua lililodondoka milimani Kayanza linaweza kupita karibu na shule ya Gitega, likapita karibu na shule ya Muyinga, likasukuma mtambo Rusumo, kisha likarudi kwa shule zote mbili likiwa mwanga wa taa.

Somo la msitu wa mvua kwa watoto wa sehemu hizi mbili lianzie hapo. Lianze na mto wanaoujua, ndipo mwalimu apande nao taratibu mpaka juu unakotoka.

Akifika juu, aeleze msitu unavyofanya kazi, na aeleze kwa utulivu, kwa sababu hapa ndipo penye kiini chenyewe. Mvua ya Kibira haiipigi ardhi moja kwa moja. Inapokewa na majani ya miti mirefu, inadondokea ya miti ya kati, kisha vichaka, kisha inateremka kwenye vigogo vilivyofunikwa na majani madogo ya kijani yanayoshika unyevu. Inapofika chini imekwisha kupoteza nguvu, na inakuta tabaka nene la majani yaliyooza, inanywea polepole hadi chini kwenye mizizi. Sehemu ya maji hayo miti inayanyonya na kuyarudisha hewani kupitia majani, ndiyo ule ukungu tunaouona asubuhi tukipita Bugarama kwa basi la Bujumbura, na mawingu yanayokwenda kunyesha kwenye mashamba ya watu wengine. Sehemu nyingine inabaki ardhini kama maji katika mtungi uliofunikwa, na inatoka kidogo kidogo kwenye chemchemi. Ndiyo maana mwezi wa Julai, mvua ikiwa imekatika tangu Mei na vumbi limeenea Muyinga nzima, vijito vinavyotoka msituni bado vinatiririka.

Kisha aeleze kinachotokea mlima ukinyolewa. Mvua ileile inaipiga ardhi tupu, inateremka kwa saa moja badala ya miezi, inabeba udongo wa juu ambao ndio wenye rutuba, na mto unakuwa mwekundu. Mtoto wa Burundi hana haja ya picha ya jambo hili. Ameliona kwenye shamba la mama yake. Anachokosa ni mtu wa kumwambia kwamba wekundu ule wa mto ni maharage ya mwakani yanayokwenda zake.

Pia aambiwe habari za Rwegura. Bwawa lile la Kayanza, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 1986 kwa uwezo wa megawati 18, linapata maji yake kutoka Kibira. Mashamba ya chai ya Teza na Rwegura yamekaa ukingoni mwa msitu huo kwa sababu ya baridi yake na mvua zake. Chai ni mojawapo ya mazao yanayoiletea nchi fedha za kigeni. Basi tunapozungumza juu ya kuulinda msitu hatuzungumzi juu ya anasa ya wazungu wapenda ndege. Tunazungumza juu ya taa, mishahara na dawa. Dawa pia, ndiyo: ganda la mti unaoitwa Prunus africana, ambao unaota Kibira, hutengenezewa dawa ya tezi dume inayouzwa Ulaya, na umekatwa na kuchunwa sana Afrika nzima hata biashara yake ikawekewa sheria za kimataifa.

Liko jambo jingine ambalo limenisumbua darasani kwa muda mrefu. Waambie watoto wachore msitu. Wengi watachora miti iliyonyooka, imepangwa mistari, na chini yake hakuna kitu. Wanachora mikaratusi. Wanachora kile wanachokiona kwenye vilima vinavyozunguka Gitega, ambako tumepanda mikaratusi na misonobari kwa miongo mingi. Mikaratusi ina kazi yake, na nitairudia hapa chini, kwa sababu bila hiyo Kibira ingekuwa imekwisha zamani. Lakini shamba la mikaratusi si msitu wa mvua, na mtoto asiyejua tofauti hiyo akikua akawa mtawala wa tarafa, atakata kipande cha msitu wa asili, apande mikaratusi mahali pake, na kuandika katika ripoti kwamba hasara imefidiwa. Katika Kibira kuna maisha juu ya maisha: mti mkubwa una kamba zilizoupanda, kamba zina maua, maua yana wadudu, wadudu wana ndege, na chini kuna miche inayongoja mti mmoja uanguke ili ipate jua. Msitu wa namna hiyo hupandwa na karne. Mpango wa "Ewe Burundi Urambaye", uliozinduliwa mwaka 2018 ili kuivika nchi miti, ni mpango mwema, na watoto wa shule wameshika majembe katika kazi za Jumamosi. Naomba tu waambiwe pia kwamba kuna nguo ambayo ikichanika hakuna fundi wa kuishona.

Wapeni hadithi ya chura wa Bururi. Ni chura mdogo mwenye vidole virefu, aliyeonekana na wataalamu mwaka 1949, kisha hakuonekana tena. Zaidi ya miaka 60 ikapita, vita vikaja na kuondoka, wengi wakadhani amekwisha duniani. Mwaka 2011 watafiti walimpata tena katika msitu wa Bururi, msitu ambao umebaki na hekta 3,300 tu au karibu na hapo. Sijui mtoto ambaye hatatega sikio kwa habari hii. Wapeni na ya sokwe. Katika miaka ya 1990, nchi ilipokuwa vitani, sokwe mayatima waliokuwa wametunzwa Bujumbura walisafirishwa hadi Kenya, kwenye makazi ya Sweetwaters huko Ol Pejeta, ili wawe salama. Kumbe hata sokwe wa Burundi wamewahi kuwa wakimbizi. Watoto wa nchi hii, ambao wengi wao wazazi wao walikulia katika kambi za wakimbizi za Mtabila au Nyarugusu huko Tanzania, watalielewa jambo hilo upesi kuliko mtoto yeyote wa Ulaya.

Na watoto wa Gitega wanayo Gishora, penye ngoma za kifalme, mlangoni. Ngoma hizo, ambazo UNESCO iliziandika kati ya urithi wa binadamu mwaka 2014, huchongwa kutoka kigogo kizima cha mti wa asili, umuvugangoma. Kila shule ya Gitega inayowapeleka wanafunzi Gishora kuona ngoma iwaonyeshe na mti. Tena si lazima kwenda mbali: makumbusho ya taifa, yaliyoanzishwa Gitega mwaka 1955, yana vyombo vya mbao, nguo za magome ya miti na mikuki ambayo mwalimu anaweza kuifundishia somo zima la msitu kwa asubuhi moja.

Sasa nije kwenye neno zito zaidi, nalo ni wazazi.

Zaidi ya asilimia 90 ya nishati ya nchi hii ni kuni na makaa. Kila sufuria ya maharage inayochemka mtaani Magarama, Gitega, au Muyinga mjini imechemshwa na mti. Darasani mwetu wamo watoto wa wachoma makaa, wa wapasua mbao, wa wachimba dhahabu waliokwenda Mabayi na kurudi, wa akina mama wanaouza kuni sokoni. Mwalimu akisimama mbele yao na kusema "wakata miti ni maadui wa taifa", mtoto anayasikia maneno hayo akiwa amevaa sare iliyonunuliwa kwa gunia la makaa. Hapo hatujamfundisha kuulinda msitu. Tumemfundisha kumwonea aibu baba yake, au kumchukia mwalimu, na mara nyingi atachagua la pili, naye atakuwa na haki.

Nawasihi tuwafundishe kwa ukweli wote. Familia inachoma makaa kwa sababu shamba ni dogo na watoto ni wengi, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 12 kwenye kilomita za mraba zisizofika 28,000. Anayenunua makaa mjini naye yumo katika habari hii, hata akiwa mheshimiwa. Kuna Watwa walioishi kwa Kibira, wakiwinda na kuchuma, ambao msitu ulipofungwa walibaki ukingoni bila msitu na bila ardhi. Wanajua miti kwa majina na kwa dawa zake kuliko ofisa yeyote, na sijasikia shule iliyowaita wafundishe. Kuna familia zilizohamishwa hifadhi ya Ruvubu ilipoanzishwa. Mtoto wa Muyinga huenda ni mjukuu wa mmoja wao, na amesikia habari hiyo jikoni kwa bibi. Tukimwambia kwamba hifadhi ni zawadi tu, bila gharama aliyoilipa mtu, hatatuamini tena hata tukimwambia la kweli.

Tena Muyinga wapo watoto wa kambi ya Kinama, wakimbizi kutoka mashariki ya Kongo, wengi asili yao ni Kivu Kusini, nchi ya Itombwe na Kahuzi-Biega. Wazazi wao wametoka kwenye ukingo wa msitu wa mvua wa pili kwa ukubwa duniani, na wanazungumza Kiswahili. Mwalimu wa Muyinga anayetaka mtu wa kueleza msitu mnene ulivyo usiku, mvua inavyosikika juu ya miti kabla haijafika chini, anaye jirani. Burundi ni mwanachama wa COMIFAC, tume ya misitu ya Afrika ya Kati, pamoja na Kongo na Kameruni. Viongozi wanakutana katika mikutano ya tume hiyo. Watoto wa Muyinga na wa Kinama wanaweza kukutana chini ya mwembe wa shule.

Hili linanirudisha kwenye somo langu. Kiswahili kimo katika ratiba ya shule zetu za msingi tangu katikati ya miaka ya 2000, na mara nyingi tunakifundisha kwa sentensi zisizo na kitu ndani: huyu ni Juma, hiki ni kiti. Kwa nini kipindi hicho kisibebe habari ya msitu na mto? Lugha ya mto Ruvubu baada ya kuvuka mpaka ni Kiswahili. Mtoto wa Muyinga akiandika kwa Kiswahili juu ya mto wake, mtoto wa Ngara atamwelewa, wa Bukoba atamwelewa, wa Uvira pia. Wizara inaweza kutoa kitabu kimoja chembamba cha kusoma, chenye picha za hapa hapa, na gharama yake haitazidi gharama ya semina moja ya hotelini.

Majirani wameonyesha kwamba shughuli kubwa huanza na watu wachache. Wangari Maathai alianza harakati ya Ukanda wa Kijani mwaka 1977 na wanawake wa vijijini waliokuwa wakitafuta kuni na maji, akaja kutetea msitu wa Karura jijini Nairobi, na mwaka 2004 akapewa tuzo ya Nobel ya amani. Jane Goodall, aliyewachunguza sokwe Gombe tangu 1960, ng'ambo tu ya mpaka wetu wa kusini kwenye ziwa lilelile la Tanganyika, alianzisha Roots & Shoots Dar es Salaam mwaka 1991 pamoja na wanafunzi 12 wa sekondari. Leo vikundi vyake viko nchi nyingi za dunia. Wanafunzi 12 hawajazi hata madawati ya mstari wa mbele katika darasa la Muyinga.

Nimefika jikoni, Mheshimiwa, na hapa naomba uvumilivu wako.

Kantini za shule zimeokoa elimu ya watoto wengi. Gitega na Muyinga ni kati ya sehemu zilizofaidika na mpango wa chakula shuleni unaosaidiwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, na kila mwalimu anajua darasa linavyojaa siku ya kantini na linavyopungua chakula kikichelewa. Sitaki neno langu lolote lichukuliwe kuwa ni la kuzipinga. Lakini chakula hicho kinapikwa kwa kuni, sufuria kubwa, kila siku ya masomo, na mahali pengi kuni hizo ndizo mchango wa wazazi. Mzazi anampa mtoto, mtoto anabeba. Msichana wa miaka kumi anaamka gizani, anatafuta kuni njiani, anafika shuleni na tita kichwani na daftari kwapani, kisha saa nne mwalimu anaandika ubaoni: "Umuhimu wa kulinda misitu". Mtoto ana akili. Atalinganisha kilichoandikwa ubaoni na kilichokuwa kichwani mwake, na ataamini kile alichokibeba.

Majiko banifu ya shule yanajulikana, yapo, na mahali yalipojengwa vizuri yanapunguza kuni sana na moshi unatoka nje badala ya kuingia machoni mwa wapishi. Mafundi wa kuyajenga wapo. Na hapa ndipo mikaratusi inapopata heshima yake: kila shule yenye kipande cha ardhi kisichofaa kulimwa inaweza kupanda miti ya haraka kwa ajili ya jiko lake, mbali na chemchemi na vijito, ili msitu wa asili uachwe upumue. Upande wa chemchemi ipandwe miti ya asili. Watoto waoteshe miche, wapande, na mwalimu awapime kwa miche iliyo hai baada ya kiangazi cha pili. Tumezoea kuhesabu miche siku ya kupanda, mbele ya kamera. Hesabu ya maana ni ile ya Septemba.

Kuhusu safari, najua jibu litakalokuja kwanza: hakuna mafuta, hakuna basi. Ni kweli, na sisi walimu tunaopanga foleni tunalijua hilo. Ndiyo maana siombi kila shule ya Burundi ipelekwe Kibira. Naomba shule za Muyinga ziende Ruvubu, kwa sababu ni karibu. Ni mbuga na nyika zaidi kuliko msitu mnene, lakini kandokando ya mto kuna misitu ya kijani, na humo mtoto ataona viboko na nyati na maji yaliyotoka Kayanza. Naomba shule za Gitega ziende upande wa Teza, ndani ya mkoa wao. Shule ambayo haiwezi kabisa iwapeleke watoto kwa miguu hadi kijito cha jirani, wakifuate mpaka kinapoanzia, waandike walichokiona. Walinzi wa OBPE, ofisi ya kulinda mazingira iliyochukua kazi za INECN mwaka 2014, wafundishe siku hiyo pamoja nasi. Mlinzi anayejua nyayo za nyati ni mwalimu mzuri kuliko mimi mwenye chaki, na mtoto aliyewahi kumsikiliza hatamwona tena kuwa askari wa kufukuza watu tu.

Nanyi walimu wenzangu, msingoje waraka kwa kila jambo. Kufuata kijito hakuhitaji saini ya mtu. Kumwita mzee wa Kitwa aje aeleze majina ya miti kunahitaji adabu na nauli ya baiskeli. Kuwauliza watoto swali moja kila Jumatatu, mto una rangi gani leo na kwa nini, hakuhitaji kitu. Mwalimu aliyefanya hivyo mwaka mzima atakuwa na daftari la mto lenye thamani hata kwa wataalamu.

Mheshimiwa Waziri, mwaka mpya wa shule utafunguliwa Septemba kama kawaida. Kabla ya hapo naomba waraka mmoja kutoka ofisini kwako, wenye amri mbili tu. Ya kwanza: hakuna mtoto wa ekofo atakayetumwa kuni na shule, na kila kantini ya Gitega na Muyinga ipatiwe jiko banifu, kwa ratiba inayotangazwa wazi ili wazazi waifuatilie. Ya pili: hakuna mwanafunzi atakayemaliza mwaka wa sita katika sehemu hizi mbili kabla hajapelekwa na mwalimu wake kuona Kibira, au Ruvubu, au chemchemi ya kijito cha kwao. Mengine yote niliyoyaandika tutayabeba sisi walimu na wazazi. Haya mawili yanahitaji mkono wako.

Wako katika kazi,

Mwalimu wa Kiswahili na mzazi, Gitega